Mlango wa dharura uwekwe wapi? Maswali ambayo wateja huniuliza kila wiki

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Nakuru. Milango, mageti, grili, ngazi za chuma, hiyo ndio kazi yangu miaka mingi sasa. Nilipoenda kusomea mambo ya usalama wa moto nikaanza kuona majengo na macho tofauti, na saa hii mteja akiniitia grili lazima kwanza nimuulize watu watatokea wapi siku mambo yakiharibika. Wengine wanakasirika, wengine wananipigia usiku na maswali. Maswali yenyewe ni yale yale kutoka Nakuru, Kisumu mpaka Kakamega, kwa hivyo nimeyaandika mahali pamoja ndio mtu akiniuliza nimtumie tu asome polepole.

Mlango wa dharura ni upi haswa? Si ni ule wa nyuma tu?

Sio kila mlango wa nyuma. Mimi naangalia vitu vitatu. Kwanza mtu aliye ndani aufungue na mkono wake bila kutafuta ufunguo wala kuita mtu. Pili uwe mbali na ule mlango mwingine, ndio moto ukikalia mmoja ule mwingine ubaki. Tatu ukishautoka ufike nje kabisa penye hewa, barabarani ama uwanjani, sio kwa stoo ya jirani. Ukikosa kimoja hapo huo ni mlango kama mlango wa bafu, usiuhesabu.

Na wengi wananionyesha mlango wa nyuma kwa fahari alafu tukiufikia unakuta friji imesimama mbele yake.

Jengo langu liko na mlango mkubwa sana mbele, lori inaweza pita. Kwa nini niongeze mwingine?

Juu moto haukuulizi uanzie wapi. Hebu fikiria flati zetu za hapa, Kaptembwo, Free Area, hata Kondele na Manyatta kule Kisumu: mita za stima za nyumba zote zimepangwa ukutani chini ya ngazi, usiku boda tano ama sita zinaingizwa hapo koridoo ya chini zisiibiwe na tanki zote ziko na petroli, alafu kando ya geti kuna mama wa chipo na mtungi wake wa gesi. Sasa mahali pa kwanza kushika moto ni wapi? Ni hapo hapo pa kutokea. Ukubwa wa mlango hausaidii kama moto uko kati yako na huo mlango.

Niliwahi kuishi kwa ploti moja hivyo, sisi tukiwa floo ya tatu. Mtungi wa jirani wa chini ukashika moto usiku karibu na ngazi, na moshi ukapanda mpaka kwetu hata kabla tusikie kelele. Juu kulikuwa na geti ya kwenda kwa rufu, mahali watu walikuwa wanaanika nguo, lakini keateka alikuwa ameenda kwao na funguo. Tulivunja hilo geti na chuma cha kitanda, wanaume watatu, watoto wakilia nyuma yetu gizani. Hakuna aliyekufa. Lakini hiyo geti nilijua ilichomelewa vizuri, kazi safi, na hiyo ndio siku nilianza kufikiria kazi safi ni gani.

Kitu kingine watu hawajui: mtu akishtuka anarudi alikoingilia. Mwaka 2003 kule Rhode Island, Marekani, klabu moja ya muziki inaitwa The Station iliungua na watu 100 wakafa, na ilikuwa na milango mingine ya kutokea, lakini wengi walikimbilia ule wa mbele walioingilia wakasongamana hapo wakaangukiana. Kwa hivyo mlango wa pili hautoshi kuwa tu, watu wauone na waujue, na wale wanafanya kazi hapo ndani wawe wa kwanza kuelekeza watu huko.

Sawa, naongeza. Sasa iwe umbali gani kutoka kwa ule wa kwanza?

Hapa ndio watu wanakosea zaidi, wanaweka milango miwili kando kando ukuta wa mbele juu ndio rahisi na ndio inaonekana poa kwa barabara. Hiyo ni mlango mmoja umegawanywa.

Kuna hesabu moja inatumika kwa kanuni za Marekani na mimi naipenda juu haihitaji enjinia. Chukua tepu, pima chumba kutoka kona moja mpaka kona ya mkabala, ile mstari mrefu kabisa. Milango miwili iachane angalau nusu ya huo mstari. Kama jengo lote liko na yale mabomba ya dari ya kunyunyiza maji yenyewe, inakubaliwa theluthi moja. Haya, tuseme duka lako pale mjini ni refu na jembamba, mita 7 kwa mita 24, na maduka mengi yetu yako hivyo. Kona kwa kona ni mita 25. Nusu ni mita 12 na nusu. Ukuta wako wa mbele ni mita 7 tu, kwa hivyo hata uweke milango kwa kona zote mbili za mbele haijafika. Lazima mlango wa pili uende nyuma, ama ubavuni huko mbali.

Waingereza wako na njia yao, hiyo hata tepu hutaki. Simama mahali mtu angekuwa, mkono mmoja uelekeze mlango wa kwanza na mwingine uelekeze wa pili. Kama mikono yako imeachana chini ya digrii 45, yaani chini ya nusu ya ile kona ya meza, basi kutoka hapo ulipo hiyo milango inahesabiwa kama mmoja, isipokuwa kuwe na ukuta wa kuzuia moto umezitenganisha hizo njia. Fanya hivyo ukisimama sehemu tofauti za chumba, sana sana kule ndani kabisa kwa wale watu wa mwisho. Utashangaa.

Na mtu akiwa ndani, atembee umbali gani ndio afike mlangoni?

Kwa mwongozo wa Uingereza, ofisi na maduka, kama mtu ako na upande mmoja tu wa kukimbilia isizidi mita 18, na kama anaweza kwenda pande mbili tofauti isizidi mita 45. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hivyo ni hatua 24 ama hatua 60. Mahali watu wanalala ama ni wagonjwa inakuwa fupi zaidi.

Na hizo hatua uzihesabu vile mtu anatembea kweli, akizunguka shelfu, vitanda, meza. Kuna mwenye ukumbi alinipimia kwenye ramani mstari umenyooka ukipita katikati ya jukwaa. Mtu hapiti katikati ya jukwaa.

Alafu chunga koridoo ambayo mwisho wake ni ukuta. Kwa giza na moshi mtu anapapasa ukuta, anapita ngazi bila kujua, anafika mwisho anapata hakuna kitu, na hana pumzi ya kurudi. Kama uko na vyumba huko mwisho weka ngazi huko mwisho, hiyo ndio dawa yake.

Mlango ufunguke kuja ndani ama kwenda nje?

Nje, upande watu wanakimbilia. Kanuni nyingi zinalazimisha hivyo watu wakifika 50 ama zaidi, lakini mimi hata wakiwa 20 nageuza bawaba, gharama ni ile ile. Mlango wa kuvuta ndani unahitaji nafasi ya kurudi nyuma hatua moja, na watu wakishasukumana mgongoni mwako hiyo hatua haipo.

Boston mwaka 1942 kulikuwa na klabu inaitwa Cocoanut Grove, watu 492 walikufa hapo. Mlango mkuu ulikuwa ile aina ya kuzunguka, ukakwama na watu, na milango mingine mingine ilikuwa imefungwa ama inafunguka ndani.

Mlango wa kuviringisha, yaani shata, na ule wa kuteleza kando, usiutegemee kama njia ya dharura. Kama duka ni la shata na kuna kijana analala ndani kulinda mali, mwekee mlango mdogo wa kawaida pale kando. Vijana wengi wanalala hivyo mjini hapa, na shata imefungwa kwa nje na kufuli. Ukiwa wewe ndio mwenye duka naomba uende leo umpatie njia ya kutoka.

Lakini fundi, nikiacha bila kufuli si wezi wataingia? Ama wateja watoke na vitu bila kulipa?

Hili ndio swali kubwa, na silidharau, juu mimi mwenyewe nimeibiwa mashini ya kuchomelea. Wizi uko. Lakini usichanganye vitu viwili: kuzuia mtu wa nje asiingie, na kuzuia mtu wa ndani asitoke. Kitasa kinaweza fanya la kwanza bila la pili.

Kuna ile baa ya kusukuma, inakaa kama paipu imelala katikati ya mlango. Kwa nje hakuna mkono wala tundu, mwizi anaona bamba la chuma tu. Kwa ndani hata mtoto akiegemea inafunguka. Kama baa ni bei kwako kuna kitasa cha kuzungusha na kidole kwa ndani, kwa nje kinatumia ufunguo. Kama unaogopa mteja kutoroka na vitu, funga kengele kwa huo mlango ilie ukifunguliwa, kengele ya betri, na askari mmoja akae karibu. Kufungua mlango kuna kelele, sawa, lakini unafunguka.

Watu wananiambia tutaweka ufunguo kwa kisanduku cha kioo kando ya mlango. Siipendi. Ufunguo unachukuliwa siku moja haurudi, ama kufuli inabadilishwa na mwenye kubadilisha hajakumbuka kisanduku. Na askari wa kukaa na ufunguo pia siitaki, askari ni binadamu, anaenda kula, anaenda kuita msaada, na ufunguo umeenda naye.

Mwaka 1911 New York, kiwanda cha nguo cha Triangle, wafanyakazi 146 walikufa na wengi walikuwa wasichana. Mlango wa ngazi moja floo ya tisa ulikuwa umefungwa na ufunguo. Hapa kwetu Januari 2009 supamaketi iliungua katikati ya Nairobi wakafa kama watu 29, na lawama kubwa ya watu ilikuwa milango kufungwa watu wakiwa ndani. Hizo ni karibu miaka mia moja katikati na ni kitu kile kile.

Grili za madirisha je? Wewe si ndio huziuza?

Naziuza. Bado nazitengeneza. Lakini chumba cha kulala siwezi tena kukifungia madirisha yote, angalau dirisha moja nafanya grili ya bawaba, inafunguka kama mlango, na lachi yake, ile komeo ya kufungua na mkono bila ufunguo, iko ndani mahali mkono unafika gizani. Sio kufuli, lachi. Naiweka mbali na kioo ndio mtu wa nje asivunje kioo akaingiza mkono.

Kwa bweni la shule sifungi grili kabisa, hata mwalimu mkuu aniambie nini. Mwongozo wa usalama wa shule wa Wizara ya Elimu wa 2008 umesema wazi madirisha ya bweni yasiwe na grili na yafunguke nje. Kyanguli kule Machakos, Machi 2001, vijana 67 walikufa kwa bweni lenye madirisha ya vyuma na mlango mmoja wa ile miwili ulikuwa umefungwa. Nimeambiwa mara nyingi grili ni ya kuzuia wanafunzi kutoroka usiku. Mwanafunzi aliyetoroka utamtafuta, utampata, utaita mzazi.

Mimi ni mwalimu wa bweni, huku kwetu upande wa Homa Bay. Bweni langu liko na mlango mmoja katikati. Naanzia wapi?

Mwalimu, asante kwa kuuliza. Huo mwongozo wa 2008 unataka bweni liwe na mlango kila mwisho, na mwingine wa dharura katikati wenye alama. Upana usipungue futi 5, zote zifunguke nje, na zisifungwe na ufunguo wakati wowote wanafunzi wako ndani. Kati ya kitanda na kitanda mita 1.2, na njia ya katikati isipungue mita 2.

Kwako basi ni kuvunja kuta mbili, huku mwisho na kule mwisho. Kwa ukuta wa mawe hiyo ni kazi ya siku mbili tatu: unaweka linta juu, fremu, mlango wa chuma, baa. Usingoje bajeti ya mwaka ujao ya bweni jipya. Kama pesa ni ya mlango mmoja tu kwa sasa, weka upande ulio mbali zaidi na mahali stima inaingilia. Na leo jioni kabla hata fundi afike, toa kufuli kwa ule uliopo na uhamishe kitanda chochote kilicho karibu nao.

Watoto 8 walikufa bweni la Asumbi huko huko Homa Bay, Agosti 2012. Septemba 2024 vijana 21 wakafa Hillside Endarasha, Nyeri. Nikipita karibu na bweni usiku naangalia milango, siwezi kujizuia.

Upana wa mlango unategemea nini?

Idadi ya watu. Kwa vipimo vya Uingereza sentimita 75 inatosha watu 60, sentimita 85 watu 110, sentimita 105 watu 220. Zaidi ya hapo unaongeza nusu sentimita kwa kila mtu.

Sasa siri iko hapa. Ukihesabu, chukulia mlango mmoja umeungua, ule mpana kabisa, alafu uangalie kama iliyobaki inatosha watu wote. Kanisa la watu 200 likiwa na milango miwili, kila mmoja peke yake lazima utoe watu 200, kwa hivyo kila mmoja uwe wa sentimita 105, sio nusu nusu. Pasta mmoja alinibishia sana hapo mpaka nikamuuliza moto ukiwa kwa mlango huu, wale mia waliohesabiwa huu wataenda wapi. Akanyamaza alafu akaniambia nivunje ukuta.

Na upana ni ule wa mlango ukiwa wazi, sio fremu. Kama ni wa pande mbili na upande mmoja una komeo ya juu na chini, hesabu upande mmoja tu.

Flati yangu ni floo tano na ngazi moja. Nimeshajenga, nifanye nini?

Ngazi wazi katikati ya nyumba ni kama bomba la moshi la jikoni. Moto uko chini, moshi uko juu dakika chache tu, na moshi ndio unaua watu wengi kabla moto uwafikie. Lifti usiifikirie kabisa, stima ikizima unafungiwa ndani.

Kama kuna nafasi ya nje, ngazi ya pili ya chuma mwisho ule mwingine wa koridoo ndio jibu, na isipite mbele ya madirisha ya jikoni za watu juu moto ukitokea dirishani unaikata. Iwe na vipago vya kutosha na mkono wa kushika pande mbili. Isiwe ile ya kuzunguka kama skrubu, mama mjamzito na mtoto mgongoni hawezi.

Kama hakuna nafasi kabisa, basi punguza hatari ya hiyo moja. Hamisha boda na mitungi. Mita za stima zifungiwe kwa kabati la chuma ama kuta za mawe. Makaa, viatu, jeri za maji, sofa mbovu, zote zitoke kwa koridoo. Najua maji yanakuja mara mbili kwa wiki na mtu hana pa kuweka jeri, lakini gizani jeri ishirini ni ukuta. Geti ya kwenda rufu iwe na lachi ya ndani, na kama jirani amejenga karibu, ongea naye mpate njia ya kuvukia huko juu. Na milango ya nyumba iwe ya mbao nzito inayojifunga yenyewe na springi, ndio nyumba moja ikishika moto moshi usiingie kwa ngazi.

Hapo kuna kitu watu huchanganya. Mlango wa kuzuia moto kwa ngazi unafaa ukae umefungwa, ila bila ufunguo. Ukiona umewekewa jiwe ukae wazi upepo uingie, toa hilo jiwe.

Watu wakisukumana kwa ngazi je, hata bila moto?

Tarehe 3 Februari 2020 Kakamega Primary, watoto 14 walikufa kwa ngazi wakitoka darasani jioni. Hapakuwa na moto hata kidogo. Na Sunderland, Uingereza, mwaka 1883, watoto 183 walikufa ukumbini wakishuka mbio kwenda kupewa zawadi, mlango wa chini ya ngazi ulikuwa umewekwa bolti ukiwa umefunguka kidogo tu, mtoto mmoja mmoja apite. Ile baa ya kusukuma niliyosema ilitoka kwa uchungu huo, Robert Briggs wa Uingereza akapata hataza yake mwaka 1892.

Kwa hivyo ngazi isipungue upana inaposhuka, isiwe pana juu na chini iingie kwa kigeti cha sentimita 60. Vipago viwe sawa vyote. Shule ya ghorofa iwe na ngazi mbili na kila darasa lijue ngazi yake, na madarasa yasiachiliwe yote dakika moja.

Nikitoka mlango wa nyuma kuna uchochoro. Inatosha?

Utembee huo uchochoro mpaka mwisho alafu uniambie. Kisumu nilifuata mmoja nyuma ya maduka, nikapita vizuri mita kumi hivi, alafu nikapata kibanda cha mabati kimejengwa katikati, na nyuma yake geti ya jirani na kufuli. Watu wangetoka kwa moto waingie kwa shimo. Njia iishie barabarani ama uwanja mpana mbali na jengo. Kama ni ploti ya jirani, muandikiane kabisa, na geti yake ifunguke bila ufunguo upande wako.

Sokoni ni vile vile, Kibuye ama hapa kwetu Wakulima: njia kati ya vibanda ndio mlango wenu wa dharura. Mkizisongeza na bidhaa hata gari ya zimamoto haiingii.

Alama na taa ni lazima?

Ndio. Ule mchoro wa kijani wa mtu anakimbia kupitia mlangoni ulitokana na mchoro wa Mjapani Yukio Ota na unatumika nchi nyingi, hata mtu asiyejua kusoma anauelewa. Weka juu ya mlango, na mingine kila mahali njia inapokata kona, mtu akisimama kwa mmoja aone unaofuata. Taa iwe ya betri inayowaka yenyewe stima ikipotea, juu moto ukianza mara nyingi stima hupotea. Uijaribu kila mwezi, betri hufa kimya kimya.

Usitundike pazia ama bango la harusi juu ya mlango wa dharura. Kumbi nyingi hapa hufanya hivyo Jumamosi.

Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Atatokaje?

Kama inawezekana akae chini. Mlango wa dharura usiwe na kizingiti wala kipago kimoja cha ghafla kwa nje, weka mteremko. Kama ni juu, lazima kuwe na mahali salama kando ya ngazi nyuma ya mlango wa kuzuia moto, pa kungojea bila kuzuia wengine, na watu wawili wenye majina yao wanaojua kazi yao ni kumfuata yeye. Sio "mtu atamsaidia". Nani?

Sheria ya Kenya inasemaje kuhusu mahali pa kazi?

Kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 na kanuni za kupunguza hatari za moto za mwaka huo huo. Kwa kifupi mwenye jengo lazima awe na njia za kutokea, zisizibwe wala kufungwa watu wakiwa ndani, na afanye zoezi la kutoka angalau mara moja kila miezi 12. Mimi nashauri mara moja kila muhula kwa shule, na zoezi moja lifanyike na mlango mkuu umefungwa kwa makusudi. Hapo ndio utajua kama wa pili unajulikana.

Umetengeneza milango mingi. Inabaki ikitumika vizuri?

Sio yote, na inaniuma. Kuna hosteli nilifunga mlango mzuri wa mwisho wa koridoo, baa, bawaba tatu, rangi nyekundu. Miaka miwili baadaye nikaitwa kurekebisha geti, nikapitia kuuona. Mtu alikuwa amechomelea kipande cha chuma juu ya baa na kufuli imeshika kutu, na kwa ndani wameegemeza magodoro. Niliuliza, wakasema wanafunzi walikuwa wanaingiza wageni. Nilikata hicho chuma siku hiyo hiyo bila malipo. Siku hizi nikimaliza mlango naandika tarehe kwa fremu na narudi baada ya miezi sita, mteja atake asitake.

Mimi ni mpangaji tu, sina sauti kwa hili jengo. Nifanye nini?

Leo usiku watu wakilala, toka kwa nyumba yako taa zikiwa zimezimwa, mkono ukutani, nenda mpaka barabarani. Hesabu milango unayopita ukitoka. Kila mahali umekwama, kila kufuli, kila boda uliyogonga na goti, andika. Kesho ongea na majirani wawili wa floo yako kwanza, alafu nyinyi watatu muende kwa keateka, sio wewe peke yako, na muombe kitu kimoja tu: kufuli ya geti ya rufu iwe lachi. Hiyo ni kazi ya chini ya saa moja kwa fundi yeyote. Mkishapata hiyo ombeni boda zihamishwe. Na kama mwenye ploti anasema hana fundi, mwambieni anitafute, ya lachi sitamlipisha kazi, anunue chuma tu.